Barua ya wazi kwa wanaotia saini vibali vya kuua sili

Waheshimiwa mawaziri wa uvuvi, wakurugenzi wa bahari na mito, na ninyi wajumbe wa kamati mnaokaa mezani kabla kalamu haijagusa karatasi,

Tarehe 1 Julai 1992, siku ya taifa la Kanada, John Crosbie alifika Bay Bulls, kijiji cha wavuvi kisiwani Newfoundland. Alikuwa waziri wa uvuvi, na alikuwa mwana wa kisiwa kilekile. Watu walikuwa wameshanusa kilichokuwa kinakuja, wakamzonga na kumfokea. Naye akawafokea: sikuwatoa mimi hao samaki majini, msinitukane. Kesho yake akatangaza kufungwa kwa uvuvi wa chewa wa kaskazini, uvuvi uliolisha kisiwa hicho kwa karibu karne tano. Watu kama 30,000 walibaki bila kazi. Waliambiwa ni miaka 2. Ikawa 32.

(Nasema chewa kwa kukosa jina jingine. Si yule wa miambani tunayemjua sisi. Huyu ni samaki wa maji ya barafu, wameshirikiana jina tu.)

Naanza na maneno ya Crosbie kwa sababu kila mtu katika mjadala huu, wa nani aliyemaliza samaki na kama sili wauawe ili samaki warudi, ameyasema kwa namna yake. Mwenye meli kubwa anasema si mimi, ni meli za kigeni. Mvuvi wa boti ndogo anasema si mimi, ni meli kubwa. Mwanasayansi anasema nilishauri, hawakusikia. Waziri anasema nilisaini nilicholetewa. Aliyebaki bila wa kumsemea ni sili, mnyama wa baharini mwenye macho ya mviringo na masharubu, ambaye kweli amekutwa na samaki mdomoni.

Sisemi hana hatia. Ningekuwa naandika barua nyepesi zaidi kama ningeamini hivyo. Nitawaonyesha huko mbele mahali ambapo mimi mwenyewe ningetia saini. Ninachotaka ni kwamba mkiandika kibali cha kuua, muandike na sababu ya kweli, kwa namna ambayo mtu anaweza kuipima baadaye na kusema mlipatia au mlikosea. Vibali vingi ninavyovisoma havina hicho. Vina neno moja kubwa, "kulinda samaki", na chini yake sahihi.

Hesabu mnayoletewa naijua. Sili mmoja wa kijivu hula kilo 5 hivi kwa siku. Zidisha kwa siku za mwaka, zidisha tena kwa idadi ya sili, na tarakimu inayotoka inatisha. Kisha mtu anaiweka kando ya tarakimu ya samaki walioshushwa bandarini na kusema: tazameni, anakula kuliko tunachovua. Kuzidisha kwenyewe hakuna kosa. Kosa limefichwa chini yake, katika dhana kwamba kila samaki ambaye sili hakumla angekuja kulala kwenye barafu ya mvuvi. Kana kwamba baharini kuna sahani moja na walaji wawili.

Chukueni mfano wa bahari ya Benguela, ile baridi inayopita pwani ya Namibia na Afrika Kusini. Huko kuna samaki aitwaye heki, na ni wa aina mbili: mmoja hukaa maji ya kina kifupi, mwenzake kina kirefu. Heki wa kina kifupi akishakua hula watoto wa yule wa kina kirefu, na watoto wa aina yake pia hawasalimiki. Sili wa pwani hiyo humla zaidi yule wa kina kifupi kwa sababu ndiye anayemfikia. Sasa ua sili. Heki wa kina kifupi wanaongezeka, wanashambulia vitoto vya wenzao, na mvuvi anayetegemea jumla ya heki wote wawili anaweza kujikuta ana samaki pungufu. Hili silitungi. Mwaka 1995 André Punt na Doug Butterworth, wakiwa Cape Town, waliliweka kwenye modeli ya hesabu na kuona kwamba faida iliyotarajiwa kutokana na kupunguza sili inaweza kuyeyuka, hata kugeuka hasara. Miaka michache baadaye Peter Yodzis, mtaalamu wa hesabu za ikolojia, alijaribu kuhesabu njia zote ambazo mabadiliko ya sili yanaweza kupitia hadi yamfikie heki, kutoka mlaji mmoja hadi mwingine katika bahari hiyohiyo. Alipata zaidi ya milioni 28.

Njia milioni 28, na kwenye meza yenu inafika moja.

Upande wa pili wa dunia, katika mlangobahari wa Georgia, British Columbia, magharibi mwa Kanada, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba chakula kikubwa cha aina iitwayo sili wa bandarini kilikuwa heki na heringi, samaki mdogo wa makundi. Samoni walikuwa asilimia 4 hivi ya uzito. Heki wa huko naye hula heringi, na heringi ndio chakula cha samoni. Wanaopinga kuua sili hupenda sana hiyo asilimia 4, na hapa nawageukia hata wa upande wangu: msiitumie ovyo. Kitoto cha samoni kinachotoka mtoni kwenda baharini kina uzito wa gramu tu. Asilimia ndogo ya uzito inaweza kuwa maelfu kwa maelfu ya vitoto ambavyo vingekuwa samoni wakubwa. Kwa hiyo tarakimu ileile inaweza kumtetea sili au kumtia hatiani, kutegemea alikula samoni wa umri gani. Mtu anayewaletea asilimia bila umri wa samaki, mrudisheni akamalizie kazi.

Huko British Columbia walishajaribu. Serikali ililipa zawadi kwa kila sili aliyeuawa kwa miongo kadhaa, tangu mwaka 1914 hadi miaka ya 1960, mpaka sili wa bandarini wakabaki kama 10,000. Walipolindwa mwaka 1970 waliongezeka mara nyingi. Samoni hawakuwa na historia rahisi inayofuata mstari huo. Walikuwepo wengi miaka ambayo sili walikuwa wachache, ndiyo, lakini hiyo pia ndiyo miaka kabla misitu ya kando ya mito haijamalizwa na kabla bahari haijapata joto kama la sasa. Na nyangumi-wauaji wanaokula sili nao wamerudi, bila kulipwa zawadi na mtu.

Nirudi Newfoundland, maana huko ndiko hoja ya sili ilikokomaa. Mwaka 1968 chewa wa kaskazini waliovuliwa walizidi tani 800,000. Meli zenye viwanda ndani yake, nyingi kutoka Ulaya, zilikokota nyavu mchana na usiku, majira yote. Mwaka 1977 Kanada ikatangaza mamlaka ya maili 200 za bahari kutoka pwani yake na kuwasukuma wageni nje, halafu ikajenga meli zake za kukokota. Wavuvi wa boti ndogo za karibu na pwani walilalamika katika miaka ya 1980 kwamba samaki wanazidi kuwa wadogo na wachache. Wataalamu wa serikali, wakitegemea takwimu za meli kubwa zilizokuwa zikiwafuata samaki popote walipojikusanya, walikadiria akiba ya samaki kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Mwaka 1994 Jeffrey Hutchings na Ransom Myers walichapisha uchambuzi wao: chewa waliisha kwa kuvuliwa kupita kiasi. Si baridi ya maji wala sili.

Tangu hapo wimbo wa kisiwani umekuwa sili wa kinubi, waitwao hivyo kwa alama ya mgongoni iliyopinda kama kinubi. Ni kweli wameongezeka: mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa chini ya milioni 2, na baadaye wakafika mamilioni kadhaa. Lakini kuna jambo ambalo wimbo huo hauligusi. Chewa wa kaskazini walianza kunyanyuka polepole katikati ya miaka ya 2000 hadi miaka kumi baadaye, wakati ambao sili wa kinubi walikuwa katika kilele chao. Kilichofuatana na kunyanyuka huko kilikuwa kapelini, samaki mdogo ambaye chewa humtegemea kama mtoto anavyotegemea uji. Kapelini waliporomoka mwaka 1991 na hawajawahi kurudi walivyokuwa. Kama mnataka kumnenepesha chewa, mwanzo wa swali ni nani anavua kapelini na kwa nini bado anaruhusiwa.

Na bado kuna kichekesho. Kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa cha kuua sili wa kinubi Kanada kimekuwa 400,000 kwa mwaka. Wanaouawa ni sehemu ndogo tu ya hao. Kibali kipo, bunduki zipo, sili wapo. Kinachokosekana ni mnunuzi. Umoja wa Ulaya ulifunga soko la bidhaa za sili mwaka 2009, Marekani ilishafunga lake tangu 1972. Hivyo kila mara mwanasiasa anaposimama na kusema tupunguze sili ili tuokoe chewa, ukisubiri aya tatu utasikia neno "soko": tutafute wa kununua mafuta, nyama, manyoya. Hoja iliyoanza na samaki inaishia kwenye biashara. Biashara si dhambi. Lakini basi semeni biashara. Pimeni kama biashara inavyopimwa, na mtuachie samaki mdomoni tuwapime peke yao.

Uskoti waliona jambo hilohilo kwa kinyume, kama kwenye kioo. Wenye vizimba vya samoni walikuwa wakipewa leseni za kupiga risasi sili waliosumbua vizimba. Mwaka 2021 leseni hizo zilikoma. Je, sili waligeuka wema mwaka huo? Marekani ilikuwa imesema haitanunua samaki kutoka mahali wanapoua mamalia wa baharini kwa makusudi, na Marekani ni mteja mkubwa wa samoni wa Uskoti. Kwa hiyo sili wa Kanada wanapona kwa sababu hakuna anayenunua ngozi zao, na wa Uskoti kwa sababu yupo anayenunua samoni. Sitaki kuwa mkali kupita kiasi, lakini mniruhusu nicheke kidogo ninaposikia kwamba maamuzi haya yanatokana na sayansi ya samaki.

Nitoke pembeni kidogo kuhusu neno. Katika nyaraka za namna hii, na hata tunapozitafsiri wenyewe kwa Kiswahili, huwa tunaandika "kuvuna". Sili watavunwa, kiwango cha mavuno ni hiki. Mwenye kuvuna ni aliyepanda, akapalilia, akafukuza ndege. Nani kati yenu alipanda sili? Mkitaka kuua kwa ajili ya nyama na manyoya, lugha ina neno kuwinda, na ni neno lenye heshima yake. Mkitaka kuua ili wapungue, andikeni kuua ili wapungue. Mwinuiti, mwenyeji wa asili wa nchi za barafu, anayewinda sili ale, avae na auze ziada yake hayumo katika lawama ya barua hii. Marufuku ya Ulaya ilimpa msamaha kwa maandishi, kisha ikamwangushia bei pamoja na wengine wote. Yeye hajawahi kusema anaua kwa niaba ya chewa.

Sasa nije mahali ninapokubaliana nanyi, maana nimeahidi.

Seattle, Marekani, miaka ya 1980. Simba-bahari, binamu wa sili, waligundua malango ya Ballard ambako meli hupandishwa kutoka baharini kuingia Ziwa Washington. Chini ya malango hayo samaki waitwao trauti, waliokulia baharini, husubiri kupanda kwenda kuzaa. Wanajibana mahali pembamba, mlaji anafungua mdomo tu. Watu wa mji walimpa simba-bahari huyo jina, Herschel, ingawa akina Herschel walikuwa wengi. Wasimamizi walijaribu baruti, mishale ya mpira, sauti za kutisha. Waliwakamata baadhi yao wakawasafirisha hadi kusini mwa California, nao wakarudi ndani ya wiki chache. Mwaka 1996 ikawekwa hata sanamu ya nyangumi-muuaji majini. Simba-bahari waliizoea. Kufikia wakati huo trauti wa majira ya baridi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya familia moja kubwa, na hawajarudi.

Jimbo jirani la Oregon waliitazama hadithi hiyo na hawakutaka kuirudia. Kwenye maporomoko ya Willamette, ambako samaki hupita kwenye ngazi nyembamba, simba-bahari makumi machache, wote madume, walikuwa wamejifunza kupanda mto zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini. Mwaka 2017 trauti pori wa majira ya baridi waliovuka maporomoko yale walikuwa 512. Walikuwa wakipita kwa maelfu. Wataalamu wa jimbo walisema wazi kwamba uwezekano wa kundi mojawapo kutoweka kabisa ni mkubwa kama hali itaendelea, wakaonyesha hesabu, wakaomba kibali, wakakipata mwishoni mwa 2018. Wakaua simba-bahari makumi machache. Si maelfu. Miaka iliyofuata trauti walipanda tena kwa maelfu.

Hapo ningetia saini. Mkono ungetetemeka, lakini ningetia. Tazameni kilichokuwepo: samaki anajulikana kwa jina na kwa mto wake. Mlango ni mmoja na unaonekana kwa macho. Wanyama walikuwa wachache na walihesabika, na sheria ya Marekani tangu 1994 ilidai mnyama wa kuuawa atambulike mmoja mmoja, kwa alama zake, kabla Congress, bunge la Marekani, haijalegeza sharti hilo mwaka 2018. Njia zisizoua zilijaribiwa kwanza kwa miaka. Na kulikuwa na kipimo cha baadaye, ngazi yenye mtu anayehesabu samaki wanaopita, hivyo kama kuua kusingesaidia, aibu ingeonekana.

Kesi ngumu zaidi ni ya kusini mwa Ghuba ya St. Lawrence, mashariki mwa Kanada, na naona watu wa pande zote wanaikwepa. Chewa wa huko karibu hawavuliwi tena, lakini wanaendelea kupungua. Chewa wakubwa wanakufa kwa kasi isiyoelezeka kwa uvuvi. Wanasayansi wa serikali ya Kanada wamechunguza kila mshukiwa na kuhitimisha kwamba anayebaki na ushahidi mzito zaidi ni sili wa kijivu, ambaye kundi lake, hasa la Kisiwa cha Sable, limekua kutoka maelfu machache miaka ya 1960 hadi mamia ya maelfu. Samaki wakishakuwa wachache sana, walaji walewale ambao zamani hawakuwadhuru wanaweza kuwazuia wasiinuke. Ni shimo. Mtu alisukumwa ndani na nyavu, na sasa kuna aliyekaa mdomoni mwa shimo.

Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Kanada ilipendekeza kuua sili wa kijivu 70,000 katika miaka 4. Haikutekelezwa. Na hapa, waheshimiwa, kwa kweli sijui ningefanya nini mahali penu. Sili 70,000 si makumi machache kwenye ngazi ya samaki. Sili wa kijivu husafiri, anayekula chewa huku amezaliwa kwingine, na ukiua asiyekula chewa umeua bure. Lakini kusema tu "msiguse" wakati akiba ya samaki inaelekea sifuri nayo ni saini, ila haina wino. Kama siku moja mtaamua kuua huko, fanyeni katika eneo moja, acheni eneo jingine bila kugusa, pimeni chewa wa pande zote mbili kwa miaka, na chapisheni matokeo hata yakiwaumbua. Bila hivyo mtakuwa mmeua wanyama 70,000 na kubaki na ubishi uleule.

Kuna mtu mwingine ambaye wapenzi wa wanyama hawamtendei haki, naye ni mvuvi wa nyavu za kutega. Katika Bahari ya Baltiki, mwanzoni mwa karne iliyopita, sili wa kijivu walikuwa kama 100,000. Serikali zililipa zawadi kwa taya za sili, kisha kemikali za viwandani zikaharibu matumbo ya uzazi ya majike, na kufikia miaka ya 1970 walibaki elfu chache. Sasa wamerudi makumi ya maelfu. Ushindi wa uhifadhi, ndiyo. Lakini mvuvi anayetega usiku huamka na kukuta vichwa vya samaki vimening'inia kwenye macho ya nyavu, miili imeliwa, na nyavu zimepasuka. Hana meli ya kwenda mbali. Tena sili hubeba minyoo inayohamia kwenye maini ya chewa, na chewa wa mashariki mwa Baltiki wamekonda sana. Maji ya chini yasiyo na hewa nayo yamechangia, na uvuvi wa kuwalenga ulifungwa mwaka 2019. Ukimwambia mvuvi huyo kwamba sili ni kisingizio tu, atakuona huna adabu. Na atakuwa na haki.

Kwa huyo jibu halijawa risasi, maana Uswidi imeruhusu uwindaji wa sili na malalamiko hayajaisha. Kilichomsaidia aliyesaidika ni dema. Naliita dema kwa sababu ndilo neno letu la mtego wa samaki wa kuingia bila kutoka. La huko ni kubwa, lina kuta mbili za nyuzi ambazo jino la sili halipenyi, na huinuliwa na maboya yanayojazwa upepo ili mvuvi mmoja aweze kulivuta. Ni ghali kwa mtu mmoja mwenye boti ndogo. Fedha za ruzuku mnazo. Msininukuu kama mwanauchumi, lakini dema linalofanya kazi miaka kadhaa nalielewa kuliko zawadi ya risasi inayolipwa kila mwaka bila kikomo.

Kuhusu samoni wa Atlantiki nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo lenyewe halina utata kama linavyofanywa. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulimhamisha samaki huyu kwenye kundi la walio karibu na hatari ya kutoweka, baada ya idadi yake duniani kupungua kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020. Wengi wanaondoka mitoni na hawarudi kutoka baharini, mbali sana na sili yeyote wa mlangoni mwa mto. Kuna mabwawa, kuna maji yenye joto, kuna chawa wa samaki wanaotoka kwenye vizimba. Kuna pia sili wachache waliojifunza kukaa mtoni, na picha za alama zao zinaonyesha ni walewale wanaorudi. Hao wachache washughulikieni kama Willamette: mmoja mmoja, kwa alama, mtoni. Wale maelfu walioko visiwani wakila samaki wadogo wa mchangani waacheni. Na kwa kuwa mwaka 2024 Uingereza na Uskoti zilifunga uvuvi wa samaki hao wadogo katika maji yao ya Bahari ya Kaskazini, mnajua kwamba kuacha chakula baharini ni jambo linalowezekana hata mkishtakiwa na majirani.

Namibia, nawaandikia kama jirani wa bara moja. Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Novemba, mnaruhusu kuua sili, wengi wao watoto, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba wanakula samaki wa taifa. Saradini wa maji yenu walikuwa wakivuliwa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya uhuru wenu, kwa meli na viwanda ambavyo Mnamibia wa kawaida hakuwa na sauti navyo. Waliisha. Nafasi yao ikachukuliwa na konyeza, wale viumbe laini wanaowasha, na samaki wadogo wasio na soko. Sili walikuwepo kabla, wakati saradini wakiwa tele. Mlirithi bahari iliyokwisha kuibiwa, na hilo si kosa lenu. Kumwandika sili kuwa mwizi ndiyo hiari yenu.

Ninachoomba si kingi. Kibali kikiletwa mezani, kisipite bila kurasa zinazosema ni samaki gani hasa anayeokolewa na katika maji gani, nani mwingine anamvua na amepunguziwa kiasi gani kabla ya sili kuguswa, sili watatambuliwaje, idadi ikifika ngapi mtaacha, na mtapima nini baada ya miaka mingapi ili mjue mlikosea. Mwaka 2024 Kanada ilifungua tena uvuvi wa chewa wa kaskazini kwa tani 18,000, ikazirudisha na meli za kukokota, za ndani na za nje, huku akiba ikiwa bado katika ngazi ambayo wataalamu wake wenyewe wanaiita ya tahadhari. Sili hakukaa kwenye kikao hicho.

Nikiona kibali chenye kurasa hizo, nitakisoma hadi mwisho kabla ya kukipinga, na huenda nisikipinge. Kikija cha ukurasa mmoja chenye hesabu ya kuzidisha, nitawaandikia tena.

Wasalaam,

Msomaji wa vibali vyenu, asiye na boti wala bunduki